Machungwa ya Mombasa na Ukoga wa Delft

Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa zikiwa na wagonjwa. Miezi kadhaa nyuma, walipokuwa wamepumzika kwenye mdomo wa mto huko Quelimane, Msumbiji, mabaharia walianza kuvimba miguu na mikono, na fizi zao zikawa zinaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Haya tunayajua kwa sababu mmoja wao, ambaye hakutia jina lake, aliandika shajara ya safari. Ndiye anayetueleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Na ndiye huyo huyo anayesema kwamba Mungu aliwarehemu, wagonjwa wote wakapona, kwa kuwa hewa ya mji ule ni nzuri sana.

Machungwa walikuwa nayo mikononi, na shukrani wakaipa hewa.

Waliporudi kutoka India hali ilikuwa mbaya zaidi. Pepo ziliwakatalia, wakachukua karibu miezi mitatu kuvuka bahari, na watu 30 wakafa kwa maradhi yale yale ya fizi. Katika kila chombo walibaki mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kazi. Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi, na safari hii wagonjwa wenyewe ndio walioyatamani machungwa. Yakaletwa, lakini wengi yaliwakuta wamekwisha. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata, upande wa Tanga, waliichoma moto merikebu iitwayo São Rafael kwa sababu hawakubaki watu wa kutosha kuendesha vyombo vitatu.

Maradhi hayo sisi tunayaita kiseyeye. Jina limekaa ndimini mwetu kiasi kwamba hata leo mtu akitema damu anapopiga mswaki, jirani humwambia papo hapo: una kiseyeye, kula machungwa. Nami niliambiwa hivyo. Nilikuwa nimevuka miaka 40, na kila asubuhi povu la dawa ya meno lilitoka na rangi ya waridi. Nikala machungwa, nikafyonza ndimu, nikanunua vidonge vya vitamini C. Upande uliotoka damu zaidi nikawa naupitishia mswaki kwa kuuonea huruma, na mwishowe nikaacha kuupitishia kabisa. Miezi ikapita. Damu haikukoma, na gego moja la chini likaanza kucheza nilipolisukuma kwa ulimi.

Daktari niliyekwenda kumwona alikuwa dada kijana mwenye maneno machache. Aliniinamisha kichwa, akapitisha chuma chembamba kati ya jino na ufizi, kisha akakwangua kidogo nyuma ya meno ya mbele ya chini. Akaniwekea juu ya pamba kitu alichokitoa: kijipande cha rangi ya udongo, kigumu, upande mmoja kimepinda kufuata umbo la jino langu, mfano wa ukoko uliobanduliwa sufuriani.

“Wewe huna kiseyeye, kaka,” akasema. “Una ukoga.”

Nilikiangalia kile kijipande kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeishi nacho mdomoni pengine miaka kumi. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili, na kinachonishika kila mara ni jinsi watu walivyoifikia sababu yake mapema, wakaishika mkononi kama mabaharia wale walivyoyashika machungwa, kisha wakaiachia.

Kiseyeye chenyewe kilipata jibu lake polepole. Mei 1747, ndani ya meli ya kivita HMS Salisbury, tabibu James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine tufaha lililochachushwa. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku walinyanyuka kabla ya wiki kwisha. Bado ilifika 1795 ndipo jeshi la majini la Uingereza likaamuru juisi ya limau kwa mabaharia wake. Leo tunajua kwamba mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na bila hiyo nyuzi zinazoshikilia nyama, mishipa na meno hulegea. Jibu hilo ni la kweli. Lakini lilipenya sana akilini mwa watu, hata kila ufizi unaovuja damu ukahesabiwa kuwa ni njaa ya tunda. Wachache mno huenda wakawa na kiseyeye. Waliobaki wana kitu kingine, na kitu hicho kiliandikwa miaka mia saba na zaidi kabla ya Lind.

Aliyekiandika ni Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki mnamo 1013. Kitabu chake, al-Tasrif, kina juzuu 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo alivyovitumia. Humo ameeleza magamba yanayoganda juu ya meno, ndani na nje, na chini ya fizi: yana sura mbaya, yanakwaruza, ni meusi, ya kijani au ya manjano. Uharibifu huo, anasema, huhamia kwenye fizi, na kadiri siku zinavyokwenda meno hubaki uchi. Dawa yake ni kukwangua. Mkalishe mgonjwa mbele yako, kichwa chake kwenye mapaja yako, ukwangue mpaka pasibaki kitu. Siku moja isipotosha, rudia kesho, na kesho kutwa, na siku ya nne. Akachora vikwanguzi zaidi ya kumi, vya maumbo mbalimbali, kwa sababu alielewa kwamba chombo kinachofika mbele ya jino hakifiki nyuma yake, wala katikati ya mawili.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilikumbuka kichwa changu kilivyoinamishwa na yule dada. Al-Zahrawi aliishi katika jamii iliyopiga siwaki kwa kufuata sunna, kama wazee wetu wa pwani walivyofanya kwa kijiti cha mti ambacho jina lake la Kiarabu limetupa neno letu mswaki. Usafi wa kinywa kwao ulikuwa ibada, si pambo tu. Pengine ndiyo sababu jicho lake liliona ukoga kuwa ni adui, wakati matabibu wengi wa zama hizo na za baadaye walisema fizi huoza kwa damu chafu, au kwa mafuriko ya majimaji kutoka kichwani. Juzuu yake ya upasuaji ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, ikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Vyombo vilinakiliwa. Subira ya siku nne haikunakiliwa sana.

Kisha tuhamie Delft, Uholanzi, Septemba 1683. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa wa miaka 50 aliyejifundisha kusaga vioo vidogo vya kukuzia. Tayari alikuwa ameona wadudu wasioonekana kwa macho ndani ya maji. Tarehe 17 mwezi huo aliiandikia barua Jumuiya ya Kifalme ya London kuhusu kinywa chake mwenyewe. Kila asubuhi, alisema, hujisugua meno kwa chumvi, kisha hupitisha kijiti katikati ya meno na kuyapangusa kwa kitambaa. Kwa hiyo meno yake ni safi kuliko ya watu wengi wa rika lake, na fizi zake hazitoki damu hata azisugue kwa nguvu namna gani. Pamoja na hayo yote, katikati ya magego alikuta kitu cheupe kizito, mithili ya unga uliokorogwa kwa maji. Akakichanganya na maji safi ya mvua, akakiweka mbele ya kioo, na akaona vijidudu vingi vikienda huku na huko, vingine vikipita majini kwa kasi, vingine vikizunguka kama pia.

Akaendelea na wengine. Alimpata mzee ambaye hajawahi kusafisha meno maishani mwake. Ndani ya utando wa meno yake vijidudu vilijaa kupita kiasi. Leeuwenhoek alihesabu kwa makadirio akasema kwamba katika kinywa chake yeye peke yake wamo viumbe wengi kuliko raia wote wa nchi yake.

Lakini jambo lililonifanya nirudie barua hiyo mara kadhaa ni jaribio lake la siki. Alitia siki kali kinywani, akauma meno, akaipitisha katikati yake mara nyingi, kisha akasukutua kwa maji. Halafu akachukua tena ule utando na kuutazama. Vijidudu vilikuwa hai, tele. Akatia siki moja kwa moja juu ya utando uliokwisha kuchanganywa na maji: vikafa mara moja. Kutokana na hapo akaamua kwamba siki iliyosukutuliwa iliua vile vya nje tu, haikupenya ndani ya utando.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Mtu asiye tabibu, asiyejua kwamba vijidudu husababisha ugonjwa, alikuwa amekwisha kuona kwa nini dawa ya kusukutua haiwezi kuchukua nafasi ya mkono unaosugua. Utando ule ni mji wenye kuta. Bakteria wake hujijengea gundi inayowashikamanisha na jino na kuwakinga wao kwa wao. Ukiubomoa kwa nyuzi za mswaki au kwa kijiti, waliomo hutawanyika na hata siki huwamaliza; ukiuacha mzima, dawa hupita juu kama mvua juu ya bati. Ukikaa siku kadhaa bila kuguswa, madini ya kwenye mate hujipenyeza ndani yake na kuugeuza jiwe. Hilo ndilo jiwe la al-Zahrawi, na ndicho kijipande changu juu ya pamba. Jiwe lenyewe halina sumu kubwa. Ubaya wake ni kwamba lina mikwaruzo inayobeba utando mpya mahali mswaki haufiki.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita na hakuna aliyeziunganisha habari hizi mbili, ya Cordoba na ya Delft. Pierre Fauchard wa Paris, ambaye kitabu chake kikubwa cha udaktari wa meno kilitoka kwa mara ya kwanza 1728, aliandika juu ya namna nyingine ya kiseyeye, inayoziacha sehemu zote za mwili na kushambulia fizi, mfupa na meno peke yake. Alikuwa ameona kwamba si ugonjwa wa mabaharia, ila hakuwa na jina jingine la kuupa. Alikwangua ukoga na akawasihi watu wafanyiwe hivyo.

Aliyelisimamia jambo hili kwa ukali wote ni John Riggs wa Hartford, Marekani. Jina lake limo katika historia kwa sababu nyingine pia: tarehe 11 Desemba 1844 alimng'oa jino daktari mwenzake, Horace Wells, aliyekuwa amevuta gesi ya nitrasi oksaidi, na Wells hakusikia maumivu. Ganzi ilikuwa inazaliwa. Baadaye Riggs aliupa umri wake uliobaki ugonjwa wa fizi. Enzi hizo madaktari walikata ufizi uliovimba, au waliunguza fizi kwa dawa kali, au waling'oa jino zima na kuendelea na mgonjwa mwingine. Mwaka 1876 Riggs alitoa hotuba akisema kwamba ufizi hauna kosa. Kosa liko kwenye jino, katika takataka ngumu iliyojibandika chini ya ufizi. Iondoe yote, lainisha mzizi, na ufizi utajiponya wenyewe. Watu wa Marekani wakauita ugonjwa huo maradhi ya Riggs.

Ungedhani basi mjadala ungeishia hapo. Haukuisha, na sura inayofuata inaniumiza kuisimulia.

Wakati huo sayansi ya vijidudu ilikuwa imechanua. Huko Berlin, Mmarekani Willoughby Miller, aliyejifunza katika maabara ya Robert Koch, aliwachunguza bakteria wa kinywa kwa miaka, na kitabu chake cha 1890 kikaonyesha kwamba kinywa ni mlango wa maradhi mengi. Wazo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Likaangukia mikononi mwa watu wenye haraka. Mwaka 1910 tabibu wa London, William Hunter, alihutubia Montreal, Kanada, akawalaumu madaktari wa meno kwa kufunika usaha kwa dhahabu. Punde madaktari wakaanza kutafuta kinywani chanzo cha kila ugonjwa wasioujua: baridi yabisi, figo, moyo, hata wazimu. Dawa ikawa kung'oa. Watu wenye meno mazima waliyatoa yote kwa matumaini ya kupona magoti.

Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, mkuu wake Henry Cotton aling'oa meno ya wagonjwa kwa imani kwamba usaha wa meno ndio uliowatia wazimu. Wasipopona, alipanda hatua: mafindofindo, kisha tumbo, kisha utumbo. Wengi walifia mikononi mwake. Hakuwa mlaghai, aliamini kiasi kwamba aling'oa hata meno ya wanawe mwenyewe. Nimejaribu kumwazia mtoto ameketi kwenye kiti hicho, baba yake amesimama na koleo, na sikuweza kuendelea. Wagonjwa wake hawakuwa na hata nafasi ya kukataa. Mwaka 1938 Russell Cecil, ambaye awali aliiunga mkono nadharia hiyo, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi na kukiri kwamba kung'oa meno na mafindofindo hakukuwaponya. Meno yaliyokwisha kutoka hayakurudi.

Upande mwingine walikuwapo waliotafuta sindano. Kati ya 1914 na 1915 Charles Bass na mwenzake Foster Johns, wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, walitangaza kwamba mkosaji ni amiba anayeishi kwenye fizi. Bass hakuwa mtu wa kubeza. Mwaka 1912 wawili hao walikuwa wa kwanza kuvikuza vimelea vya malaria nje ya mwili wa binadamu, jambo ambalo watu wa nchi zetu tuna kila sababu ya kuliheshimu. Wakapendekeza sindano za emetini, dawa ya kuhara damu. Sindano zikachomwa kwa wingi, na dawa hiyo ina madhara kwa moyo. Kisha ikaonekana kwamba amiba yumo hata katika vinywa vyenye fizi nzima, na waliochomwa sindano bila kukwanguliwa ukoga hawakupona. Mtindo ukafa. Bass tutakutana naye tena.

Kufikia katikati ya karne ya 20 orodha ya washukiwa ilikuwa ndefu: upungufu wa vitamini, homoni, uzee, urithi, meno yanayogongana vibaya. Utando ulikuwa mmoja tu kati ya wengi. Hapo ndipo anapoingia Harald Løe, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha udaktari wa meno cha Aarhus, Denmark.

Jaribio lake lilikuwa jepesi. Alichukua watu 12, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo hicho, wenye afya na fizi safi, akawaambia waache kusafisha meno: hakuna mswaki, hakuna kijiti. Akawa anawapima: unene wa utando, wekundu na uvimbe wa ufizi, damu ikiguswa kwa chuma butu. Na kila mara alichukua utando kidogo na kuutazama kwa hadubini. Siku za kwanza walikuwapo hasa bakteria wa mviringo, wale wa kawaida. Baada ya siku chache wakaja warefu kama nyuzi. Baadaye wakatokea wale wanaojipindapinda na kukimbia, ndugu wa wale waliomshangaza Leeuwenhoek. Ufizi ukafuata. Wengine walianza kuvimba siku ya 10, wengine siku ya 21, lakini wote 12, bila hata mmoja kubaki, walipata ugonjwa. Hawakubadilishiwa chakula. Hawakupungukiwa vitamini. Kisha Løe akawarudishia miswaki, na kwa muda wa wiki moja hivi fizi zote zilikuwa salama.

Ripoti ilitoka 1965. Mimi huiona kuwa ni kazi nzuri kuliko zote katika historia hii, kwa sababu iliwajibu wote kwa pamoja, tena bila kumng'oa mtu jino wala kumchoma sindano. Ugonjwa uliletwa na ukaondolewa kwa kitu kimoja. Na tangu hapo daktari anaweza kumwambia mgonjwa kwa uhakika jambo ambalo mimi nililielewa kinyume kwa miezi: damu inayotoka ufizini haisemi uniache, inasema hapa hapajasafishwa.

Lakini kuvimba kwa ufizi si mwisho wa njia. Hatua hiyo hurudi nyuma. Ikipita, kinga ya mwili inayopigana na bakteria huanza kuharibu nyuzi zinazolishikilia jino, mfupa wa taya hupungua, kifuko kati ya jino na ufizi huenda chini, na jino huanza kucheza. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe. Tena yote haya hufanyika bila maumivu. Mvuta sigara huchelewa zaidi kujua, kwa sababu sigara hupunguza damu ya ufizi huku ikiharakisha uharibifu. Na mwenye kisukari hudhurika maradufu, kwani sukari huziwasha moto fizi, na fizi zilizowaka huipandisha sukari.

Je, kila anayevimba ufizi hufika huko? Kwa kutafuta jibu Løe na wenzake walikwenda Sri Lanka mwaka 1970, kwenye mashamba mawili ya chai, wakawapima vibarua wanaume 480 wa miaka 14 hadi 31. Watu hawa hawakuwahi kufikiwa na huduma yoyote ya meno, wala ya kinga wala ya tiba. Wakapimwa tena na tena hadi 1985, walipobaki 161. Wote walikuwa na utando, ukoga na fizi zilizovimba. Lakini njia zao ziligawanyika. Asilimia 8 hivi uharibifu uliwakimbilia: walipofika miaka 45 walikuwa wamepoteza milimita 13 za mshikilio wa jino. Asilimia 81 walikwenda mwendo wa wastani. Asilimia 11, wakiwa na uchafu ule ule, hawakuvuka hatua ya kuvimba.

Siwezi kuyataja matokeo hayo bila kuwakumbuka wachuma chai wenyewe. Dunia ilijifunza mwendo halisi wa ugonjwa huu kutokana na kukosa kwao: kila milimita iliyoandikwa kwenye jedwali ilikuwa ni mfupa wa mtu aliyelipwa ujira mdogo kwa kazi ngumu, ambaye mswaki na maelezo ya dakika tano vingemfaa sana. Mwaka 2010 watafiti walirudi wakawapima 75 kati yao. Madaktari wote wa fizi duniani wana deni kwa wanaume hao.

Mgawanyiko ule ule ulionekana kwetu. Katika miaka ya 1980 Vibeke Bælum na Ole Fejerskov wa Aarhus, wakishirikiana na Firoze Manji aliyekuwa Kenya, waliwapima watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65 huko Machakos. Vitabu vya wakati ule vilisema kwamba Mwafrika, kwa kuwa hana daktari wa meno, hupoteza meno yake mapema kwa ugonjwa wa fizi. Machakos haikusema hivyo. Ukoga ulikuwapo kwa wingi, damu ilikuwapo, lakini mtu asiye na jino hata moja alikuwa adimu mno, na uharibifu mkubwa ulikusanyika kwa watu wachache. Ripoti ya 1988 ikaifuta hukumu iliyokuwa imetolewa juu ya bara zima bila mtu kuinama na kuhesabu. Ikaacha pia swali ambalo ni la maana kwa kliniki zetu zenye madaktari wachache: jinsi ya kuwatambua mapema wale wachache ambao kwao ugonjwa hukimbia.

Dawa nazo zilipata nafasi yake, ndogo. Mwaka 1962 mwanamke mmoja nchini Uingereza aliyepewa metronidazole kwa ajili ya maradhi ya sehemu za siri alimshangaza daktari wake aliposema kwamba vidonda vya fizi zake navyo vimepona; kwa njia hiyo ikajulikana kwamba dawa hiyo huua bakteria wasiopenda hewa. Kwa vidonda vikali vya fizi inasaidia kweli. Kwa ugonjwa wa kawaida, vidonge bila kukwangua ni siki ya Leeuwenhoek: waliomo ndani ya kuta hubaki. Tiba ya msingi bado ni chuma, mkono na subira, na kwa vifuko virefu upasuaji mdogo ili mkono ufike.

Nimesema Bass atarudi. Baada ya kuacha uongozi wa kitivo cha tiba, mzee huyu hakukaa kitako wala kutetea amiba wake. Aliirudisha hadubini kwenye meno, akachunguza utando unajificha wapi hasa, na akaona kwamba hatari iko kwenye ule mfereji mdogo ambapo jino linaingia ufizini, mahali ambapo watu hawasugui. Mwaka 1948 alieleza mswaki unaofaa: nyuzi laini, ncha zake zimesuguliwa zisichome. Mwaka 1954 alieleza namna ya kuushika. Mtu aliyewahi kuwaambia watu wachomwe sindano alimaliza kazi yake akiwafundisha kuinamisha mswaki. Alifariki 1975, mwaka aliotimiza karne.

Yule dada hakumtaja Bass. Alinipa kioo cha mkononi, akachukua mswaki laini na kuuegemeza kwenye jino la mfano aliloliweka mezani: nyuzi nusu juu ya jino, nusu juu ya ufizi, zimeinama kama digrii 45. Akautikisa pale pale, mtikiso mfupi usiohama, kisha akasogea jino la pili.

“Na hapa panapotoka damu?” nikamuuliza.

“Hapo ndipo uanzie.”

Alinikwangua kwa siku mbili, juu siku ya kwanza, chini siku ya pili. Gego lile lililocheza alisema tulingoje, tusiling'oe. Jioni ile nilitema damu nyingi kuliko siku zote, na mke wangu aliyekuwa mlangoni akashtuka. Kesho yake ikapungua. Siku ya tisa, asubuhi, nikainama juu ya karai, nikasukutua, nikatema, nikawasha taa ili nione vizuri. Maji yalikuwa meupe.